Binti ana Pell, mpwa ana mkopo, mimi nasoma jioni: krediti ya chuo tunapata au hatupati?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mimi na mume wangu tuko Columbus, Ohio, tunafaili pamoja na mwaka 2025 tumeingiza kama 84,000 wote wawili. Binti yetu ana miaka 19, yuko mwaka wa pili chuo kikuu cha jimbo, anakaa hosteli, ada yake karibu yote imelipwa na Pell, ule msaada wa serikali kuu usiorudishwa, na skolashipu ndogo. Kuna mtoto wa dada yangu ana miaka 20, ana grinikadi, anaishi kwetu toka 2022, yuko komyuniti koleji, ada tumelipa kidogo na iliyobaki kachukua mkopo. Na mimi mwenyewe nasoma anatomia jioni, somo moja kila muhula, nataka niingie unesi. Jamaa anayetufailia kodi anasema hatupati chochote cha chuo, maana ya binti ni hela ya serikali, ya mpwa ni mkopo siyo hela yetu, na mimi siyo mwanafunzi kamili. Lakini jirani yangu ambaye hata darasa hajawahi kukanyaga kaletewa dola elfu moja ya chuo. Hii imekaaje? Ritani bado hatujatuma."

Dada, nzuri kabisa, pole na kazi na masomo. La kwanza, msitume hiyo ritani. Mzuie huyo jamaa kabla hajabonyeza, maana kwa maelezo uliyonipa, ukiacha jambo moja nitakalokuuliza huko chini kuhusu huyo mpwa, nyie siyo watu wa sifuri, nyie ni watu wa kama dola 5,380. Sababu zote tatu alizokupa ni kati ya zile nazisikia kila msimu pale mezani ninapojitolea kufaili watu bure, na zote tatu hazina mguu wa kusimamia.

Nianze na majina tusije tukapotezana. Kodi ya serikali kuu ya Marekani ina krediti mbili tu za chuo (nikisema krediti namaanisha ya kodi, zile za darasani nitaziita yuniti). Ya kwanza ni American Opportunity, wengi wanaiita AOTC, na ndo yenye nyama: inafika 2,500 kwa kila mwanafunzi, unarudishiwa dola 2,000 za kwanza zote kamili halafu 2,000 zinazofuata unarudishiwa robo, kwa hiyo ukishakuwa na gharama halali za 4,000 umefika mwisho, hata kama ada ni 40,000. Na asilimia 40 yake, yaani hadi 1,000, unapewa taslimu hata kama huna kodi ya kulipa. Ya pili ni Lifetime Learning, LLC, hii ni asilimia 20 ya gharama zisizozidi 10,000, kwa hiyo mwisho wake 2,000 kwa ritani nzima siyo kwa kila kichwa, na yenyewe inafuta kodi tu, haikuachii chenji. Mtu mmoja hapewi zote mbili mwaka mmoja, ila ritani moja inaweza ikabeba AOTC za watoto na LLC ya mama, hakuna ubaya.

Kipato hakina shida kwenu. Mkifaili pamoja mnapata kamili mpaka 160,000, inaanza kupungua hapo na kufa kabisa 180,000, na kwa asiye kwenye ndoa ni 80,000 hadi 90,000. Hivyo viwango vya AOTC havijasogea tangu 2009 ilipoanza, na hiyo 2,500 nayo haijapanda hata senti wakati ada imepanda mpaka mbinguni, ila hilo ni la wanasiasa, sisi tuendelee. Angalizo tu, mke na mume wakifaili kila mtu kivyake, kwa ile hadhi ya wanandoa wanaotuma ritani tofauti, wote wawili hawapati kitu.

Sasa binti. Hapa ndo watu wengi wanapoibiwa bila mwizi. Umenitumia fomu yake 1098-T: boksi 1, yaani ada iliyolipwa, 9,600, na boksi 5, yaani misaada na skolashipu, 9,895, ambapo Pell ni 7,395 na ile skolashipu ya chuo ni 2,500. Jamaa kaona boksi 5 kubwa kuliko boksi 1 akafunga daftari. Na ukiangalia harakaharaka ana haki, maana huwezi kudai krediti kwa ada iliyolipwa na msaada usiotozwa kodi. Ila amesahau vitu viwili.

Cha kwanza ni vitabu. Kwenye AOTC vitabu na vifaa vinavyotakiwa kwenye masomo vinahesabika hata kama vimenunuliwa Amazon au kwa mwanafunzi aliyemaliza, siyo lazima vinunuliwe duka la chuo, na havionekani kabisa kwenye 1098-T kwa sababu chuo hakijui ulinunua wapi. Laptopu pia inaingia kama anaihitaji kwa ajili ya masomo yake. Umesema vitabu na laptopu vilifika 900. Kwa hiyo gharama zake halali ni 10,500 siyo 9,600, toa misaada 9,895 inabaki 605, na hapo hapo bila ujanja wowote una krediti ya 605. Hiyo peke yake imeshamuumbua.

Cha pili ndo chenyewe hasa. Pell Grant siyo hela iliyofungiwa kwenye ada, sheria yake inaruhusu itumike pia kwa hosteli na chakula na nauli. Na sheria ya kodi inasema hivi: sehemu ya msaada iliyotumika kwa ada na vitabu haitozwi kodi, na sehemu iliyotumika kwa maisha inahesabika kuwa kipato cha mwanafunzi. Na anayeamua ipi ni ipi ni mwanafunzi mwenyewe kwenye ritani, siyo ofisi ya fedha ya chuo! Hata kama kwenye akaunti yake chuo kimeandika Pell imekata ada moja kwa moja, haijalishi, mradi masharti ya huo msaada yanaruhusu matumizi mengine na mradi kweli alikuwa na gharama za maisha za kiasi hicho, na mtu anayekaa hosteli mwaka mzima anazo tele.

Kwa hiyo tufanye hesabu upya. Ile skolashipu ya 2,500 umesema barua yake imeandikwa ni ya ada tu, sawa, hiyo iache kwenye ada. Pell tunaigawa: 4,000 iende kwenye ada, 3,395 tuseme ilikula chakula na hosteli. Misaada iliyo kwenye ada sasa ni 6,500, gharama ni 10,500, tofauti ni 4,000 juu ya alama, na krediti inatoka 605 inakuwa 2,500. Ile 3,395 inakuwa kipato cha binti, siyo chako, anaiandika kwenye ritani yake kama anatakiwa kufaili. Umesema kiangazi alifanya kazi akapata 5,000 hivi, jumla 8,395, na mwaka 2025 kiwango cha kawaida cha kipato kisichotozwa kwa mtu asiye kwenye ndoa ni 15,750, na hata kwa tegemezi, yaani mtu anayeandikwa kwenye ritani ya mwingine, skolashipu inayotozwa inahesabiwa kama mshahara kwenye kupima hicho kiwango. Kodi yake sifuri. Yaani nyie mnaongeza 1,895 na yeye halipi hata mia. Na kama alikatwa kodi kwenye ile kazi ya kiangazi afaili tu arudishiwe, ila aweke tiki kwamba kuna mtu anamdai kama tegemezi, asije akasahau hapo mkaanza kugongana na ritani yenu ikarudishwa.

Tahadhari ndogo, hii hesabu haimfai kila mtu. Kama mtoto ana kipato kikubwa chake, au hela ya skolashipu ya kuhamishia kwenye maisha ni nyingi sana, kuna kanuni inayoweza kumtoza kwa kiwango cha wazazi, na kodi ya jimbo nayo ina mambo yake. Ndo maana unapiga hesabu mara mbili, pande zote, kabla ya kuchagua. Kwa binti yako mimi sioni mtego.

Twende kwa mpwa. La mkopo nalimaliza kwa sentensi moja: ada iliyolipwa kwa mkopo ni ada iliyolipwa, inahesabika mwaka ule chuo kilipopokea hela, siyo mwaka mtakaomaliza kulipa deni. Basi. Na hata kama mkopo ni kwa jina lake, hata kama angekuwa analipa yeye kwa mshahara wake, au babu yake angetuma hela moja kwa moja chuoni, akishakuwa tegemezi wako gharama zote zinahesabika umelipa wewe. Ada yake 4,600, msaada hana, imevuka 4,000, krediti ni 2,500 nyingine.

Lakini hiyo ni kama ni tegemezi wako, na hapa ndo lile swali langu. Umeandika "mtoto wa dada yangu". Dada wa tumbo moja au dada wa mama mdogo?

Usinicheke. Kwetu binti wa mama mdogo ni dada, binti wa mama mkubwa ni dada, binti wa baba mkubwa ni dada, na mtu akikuuliza "dada yako kivipi" unaweza hata ukamkasirikia. IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani, hawana huo ukarimu. Kwao dada ni mliyechangia mama au baba, hata mmoja tu anatosha, au wa kambo ambaye mzazi wako alioana na mzazi wake. Mtoto wa dada huyo anaingia kwenye kundi moja na mtoto wako wa kumzaa. Mtoto wa binti wa mama mdogo kwao ni mtu baki anayekaa nyumbani kwako. Na tofauti siyo ya jina tu, nakuonyesha kwa hela.

Kama ni dada wa baba mmoja au mama mmoja: kijana ana miaka 20, chini ya 24, ameishi kwenu zaidi ya nusu ya mwaka, kinachobaki ni alisoma fultaimu angalau miezi mitano na hakujilipia mwenyewe zaidi ya nusu ya maisha yake. Umesema muhula wa masika alichukua yuniti 12, ule wa vuli akapunguza akabaki na masomo mawili kwa sababu ya kazi. Watu wengi hapo wanakata tamaa, eti hakuwa fultaimu mwaka mzima. Hamna haja ya mwaka mzima. Inatakiwa sehemu ya miezi mitano, hata siku chache za mwezi zinatosha, na muhula wa masika unaoanza Januari unaisha Mei: Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, tano hizo. Kwa upande wa krediti yenyewe sharti ni jepesi zaidi, AOTC inataka nusu mzigo tu, ile haftaimu (siyo ya mpira), kwa muhula mmoja tu ulioanza mwaka huo, na chuo chenyewe kimeweka tiki kwenye boksi 8. Kuhusu matunzo, mshahara wake wa ghalani unahesabika pale tu alipoutumia kwa maisha yake, alioweka benki hauhesabiki, ila ule mkopo wa 3,000 kwa kuwa deni ni lake unahesabika kama amejigharamia. Ukijumlisha chumba, chakula, bima na simu mnazomlipia nyie mtakuwa mmemzidi mbali tu, lakini piga hesabu uiandike mahali, siku wakiuliza usianze kukumbuka kwa kichwa. Hivi kipato chake ni kiasi gani haiulizwi hata kidogo kwa mtu wa kundi hili, alipata 9,000, sawa, bado ni wako.

Kama ni dada wa mama mdogo: anahesabiwa kwa kanuni nyingine kabisa. Lazima awe ameishi kwenu mwaka mzima, nyie mmembeba zaidi ya nusu, na kipato chake kwa 2025 kisifike 5,200. Kapata 9,000, katoka. Siyo tegemezi wenu, krediti siyo yenu. Basi adai mwenyewe kwenye ritani yake, si ndiyo? Anaweza, ila kuna mtego juu ya mtego: kijana wa chini ya 24 aliye fultaimu, ambaye mshahara wake haufiki nusu ya gharama za maisha yake, na mzazi wake hata mmoja yuko hai, haruhusiwi ile sehemu ya taslimu ya 1,000. Anabaki na sehemu ya kufuta kodi, na kwa kipato cha 9,000 kodi yake ni sifuri, hamna cha kufuta. Kwa hiyo 2,500 yote inaelea hewani kwa sababu mama zenu ni ndugu badala ya mama yenu kuwa mmoja. Mimi naona siyo haki kwa familia zetu, lakini ndo sheria, na ukijaza "nephew" kwa mtu asiye nephew umeandika uongo hata kama kwa Kiswahili hujadanganya.

Wewe sasa, mwanafunzi wa jioni. Somo moja la yuniti 4 kila muhula halifiki nusu mzigo, kwa vyuo vingi nusu mzigo inaanzia yuniti 6, kwa hiyo AOTC hapana. Ila LLC haiulizi mzigo, haiulizi unatafuta digrii au hapana, haina ukomo wa miaka, unaweza ukaidai na miaka 60 yako kwa somo moja la kukuongezea ujuzi wa kazi. Ulilipa 1,900 ya ada mfukoni kwa mihula yote miwili, asilimia 20 ni 380. Vitabu vya anatomia, na najua bei yake, haviingii hapa, LLC inakubali vitabu pale tu chuo kinapokulazimisha uvilipie kwao ndo usajiliwe. Dola 380 siyo nyingi ila ni yako, na kwa kipato chenu mna kodi ya kutosha ya kuifuta. Siku ukianza programu yenyewe ya unesi kwa mzigo wa nusu au zaidi, hamia AOTC kama bado una sifa.

Nikiwa hapo hapo, chuo lazima kiwe kile kinachoruhusiwa kushiriki misaada ya wanafunzi ya serikali kuu, ile inayoombwa kwa fomu ya FAFSA. Komyuniti koleji yako iko ndani bila shaka. Lakini zile shule ndogo za wiki mbili tatu za kusomea CNA, yaani msaidizi wa nesi, zile ziko juu ya duka la nywele, nyingi hazimo, na nimeona watu wetu wamelipa 1,200 pale wakidhani watarudishiwa. Uliza kabla ya kulipa kama wana namba ya shule ya FAFSA. Hivyo hivyo kwa wanaosomesha wadogo zao Dar au Nairobi na kuniuliza kama wanaweza kudai: mdogo wako asiye raia wala mkazi wa hapa siyo tegemezi kwenye kodi ya Marekani, hata kama umemlea toka darasa la kwanza, kwa hiyo hadithi inaishia hapo kabla hata hatujafika kwenye chuo chake.

Jirani yako. Huyo jirani hajapewa krediti, amewekewa. Nimeona ritani za namna hiyo, mtu hana 1098-T, hajui hata jina la chuo kilichoandikwa kwenye Fomu 8863, ile ya kudai hizi krediti, na kuna 1,000 imekaa pale kwa sababu ndo ile sehemu ya taslimu, aliyemfailia kaichomeka ili rifandi ionekane nono naye apate chake. IRS wakimwandikia barua anarudisha na riba, na wakiona alizembea makusudi anafungiwa AOTC miaka 2, wakiona ni udanganyifu miaka 10. Fikiria ana mtoto wa miaka 15 leo, miaka 10 inameza chuo chote cha huyo mtoto. Aliyejaza ritani huwa hayupo kwenye barua, barua inakuja kwa jina lako. Dalili ya mtu wa hivyo ni hataki kusaini ritani na kuweka namba yake ya PTIN, ile IRS wanayompa anayelipwa kufailia watu, na hakuulizi maswali, wakati sheria inamtaka anayelipwa kufailia watu ajaze Fomu 8867 kuthibitisha kwamba alikuuliza. Huyo wako amekosea kwa upande wa pili, hakuuliza pia, ila akakunyima.

Kwa wengine wanaosoma hili jibu na hali zenu ziko tofauti. Wenye ITIN, ile namba ya kodi ya wasio na Social Security: kwa mwaka wa kodi 2025 bado mnaweza, mradi namba ilitolewa kabla ya tarehe ya mwisho ya kufaili, ila kuanzia mwaka wa kodi 2026 sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 inataka mlipakodi na mwanafunzi wawe na namba ya Social Security, kwa hiyo ritani ya 2025 ndo yenu ya mwisho kwa krediti hizi kama hali haijabadilika. Wenye F-1, viza ya mwanafunzi: miaka mitano ya kalenda ya kwanza unahesabika siyo mkazi, unafaili 1040-NR, na krediti hizi siyo zako isipokuwa umeoa au umeolewa na raia au mkazi na mkachagua kufaili pamoja. Kuna vijana wengi wanaingia kwenye programu za simu, inawauliza maswali manne inawapa 1040 ya kawaida na rifandi juu, wanafurahi, halafu wakija kuomba grinikadi ndo wanaanza kurekebisha ritani za miaka minne nyuma.

Turudi kwako, bado kuna 2024. Binti alianza chuo vuli ya 2024 na kwa vile mtu wenu ni huyo huyo, nadhani hakudai kitu. Mnaruhusiwa kurekebisha kwa 1040-X, na kwa ritani ya 2024 mliyofaili kwa wakati mna mpaka Aprili 2028. Lakini subiri kidogo. AOTC inaruhusiwa miaka minne tu ya kodi kwa kila mwanafunzi, na digrii ya miaka minne inayoanza vuli inagusa miaka mitano ya kalenda: 2024, 2025, 2026, 2027 na masika ya 2028. Lazima mmoja uachwe. Wengine watakuambia uache 2024 kwa sababu ulikuwa muhula mmoja tu na gharama ni ndogo, na kwa familia nyingi ni kweli. Wewe leta 1098-T ya 2024 tuone, maana Pell ya muhula huo nayo tunaweza kuigawa vile vile, na kama inafika 4,000 mimi ningeidai hiyo sasa hivi kuliko kuingoja ya 2028, moja shika si kumi nenda uje, sheria zenyewe unaona zinavyobadilika.

Na hapo hapo kuna kitu cha tarehe: ada ya muhula unaoanza Januari mpaka Machi ukiilipa Desemba inahesabika mwaka ulioilipa. Angalia boksi 7 kama ina tiki, inaonyesha kuna hela ya muhula unaofuata ndani ya boksi 1. Siyo kosa, ila usije ukaihesabu tena mwaka unaofuata.

Mkienda kwa huyo jamaa, au kwa mwingine, beba 1098-T tatu, ya binti, ya mpwa na yako. Hazikuja kwa posta? Ingieni kwenye akaunti za chuo mtandaoni, vyuo vingi vinaziweka kule na mwanafunzi alishakubali bila kusoma. Beba pia taarifa ya akaunti ya binti inayoonyesha kila malipo kwa tarehe, barua ya skolashipu ile ya 2,500, risiti za vitabu na laptopu, na kitu cha kuonyesha mpwa anaishi kwenu, barua ya daktari au ya chuo yenye anwani yenu inatosha. Mwambie anatakiwa kujaza Fomu 8863, ukurasa wa pili mara tatu, mmoja kwa kila mwanafunzi, na namba ya mwajiri ya chuo iko kwenye 1098-T. Akikuambia tena Pell haihesabiki mwombe akuonyeshe hesabu yake kwenye karatasi. Na lile la dada nijibu kabla hamjatuma, mwisho ni Aprili 15, 2026.